Hapa Hatuulizi

Albina alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye mwendo wa mtu aliyeacha chungu motoni. Mashavuni alikuwa na chale za Kimakonde, na mdomo wa juu ulikuwa na tundu la ndonya, lile pambo la mti, aliyoacha kuivaa siku alipoanza kazi, maana Sista alisema itakuja kudondokea kwenye maji ya moto. Watoto wote waliozaliwa katika nyumba ya wazazi ya kambi yetu, nje kidogo ya Nachingwea, uso wa kwanza kuuona duniani ulikuwa huo. "Ndiyo maana wanalia," alikuwa akisema mwenyewe, na kucheka mpaka beseni linamtetemeka mikononi.

Ilikuwa miaka ile ya karanga. Wazungu walileta matingatinga, wakang'oa pori ili walime karanga, wakajenga makambi. Waliokuja kufanya kazi walikuja na wake zao, na wake hawaachi kuzaa kwa sababu mume ameajiriwa, kwa hiyo ikabidi pawe na mahali pa kuzalia. Nyumba yenyewe ilikuwa ya udongo na bati, na pipa la maji nyuma. Wafanyakazi walikuwa Sista, aliyetoka Ulaya, na Albina, aliyetoka ng'ambo ya Ruvuma. Sista alijua dawa na sindano. Albina aliajiriwa kufua mashuka na kupiga deki, lakini mwanamke uchungu ukimzidi hakumwita Sista, alimwita Albina.

Mimi ni Mwanamvua, mtu wa Chinongwe, na mara ya kwanza nilifika pale nikiwa nimebebwa.

Kwetu wakati ule, mwanamke akikawia kujifungua, wakunga hawakuhangaika na tumbo. Walihangaika na jina. Mtoto amezuiwa, walisema, na aliyemzuia ni mwanamume ambaye mama anamficha mumewe. Basi taja. Ukimtaja, mtoto anatoka. Usipomtaja mnakufa wote wawili na lawama ni yako. Mkunga mkubwa wa Chinongwe alikuwa mama mkwe wangu, Bibi Biasha, na kwa kuuliza hakuwa na mwenzake. Hata ukikutana naye njiani ukiwa mzima wa afya, atakuuliza umetoka wapi, umekula nini, na kama kilibaki. Sasa mfikirie mtu huyo amekaa kichwani pako, wewe umeng'ang'ania nguzo ya nyumba, naye anakuuliza kwa sauti ya upole kabisa: "Nani, mwanangu? Sema tu, Kaimu hatutamwambia. Nani?"

Sikuwa na jina. Kaimu mume wangu alinitosha, na siku nyingine alizidi. Ilifika mahali nikafikiria kumtaja muuza samaki wakavu aliyekuwa akipita na baiskeli yake, mzee wa watu asiye na hatia, ili mradi waninyamazie. Aliyetuokoa, mimi na muuza samaki, ni Kaimu mwenyewe. Alikuwa kibarua kambini, akaja na lori la mbao, akanipandisha na kitanda changu cha kamba. Mama yake akapanda pia, kwa kuwa alikuwa hajamaliza kuuliza.

Albina alitupokea mlangoni. Bibi Biasha akamweleza mambo yote: huyu amefunga, mtoto hatoki, kuna jina hataki kulitoa, ninyi mshikeni miguu, mimi nitamuuliza. Albina alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, mikono nyuma. Kisha akasema, "Mama, hapa hatuulizi."

"Msipouliza mtajuaje?"

"Hatutajua," Albina akasema, na akafunga mlango.

Mpaka leo nausikia mlango ule. Nililia kwa furaha kabla mtoto hajatoka. Albina alinishika mgongo kwa mikono yote miwili, mikono iliyokauka kwa sabuni, akawa anapumua polepole sikioni mwangu ili nimfuate. Hakuniuliza kitu chochote, hata jina langu. Mtoto alitoka jua likiwa limeinama, wa kiume, tukamwita Shaban kwa sababu ulikuwa mwezi wake.

Huko nje Bibi Biasha alikuwa amekaa kibarazani na hasira zake. Kila Albina alipopita na beseni kwenda pipani, niliisikia sauti ya bibi ikimnasa. "Na wewe? Wewe mwana wa nani?" Beseni linarudi. "Mume yuko wapi?" Beseni linakwenda tena. Majibu sikuyasikia, na wala sikuyataka. Nilimwonea Albina huruma, nikajisemea kwamba bibi huyu akinyimwa ndani anakwenda kuchukua nje.

Nilipopata nguvu sikutaka kurudi Chinongwe. Kaimu akaomba chumba kambini, na Albina akamwomba Sista anichukue mimi kazini, kwa kuwa mashuka yalikuwa yamewazidi. Ndivyo nilivyoingia. Nilijifunza kuchemsha vitambaa, kukata kitovu, kumgeuza mtu mzito bila kumuumiza. Zaidi ya yote nilijifunza kunyamaza, na walionijua Chinongwe wanasema hilo ndilo lililokuwa gumu.

Neno la Albina likatembea. Wanawake waliambiana kisimani na shambani kwamba iko nyumba huko Nachingwea ambako unazaa na hakuna anayekuuliza. Wakaanza kuja kutoka vijiji vya Ruangwa, hata Mbekenyera, hata wasio na mume yeyote kambini. Wengine walikuja mapema sana, tumbo bado changa, wakajenga vibanda nyuma ya jiko wakasubiri. Sista alishika kichwa, lakini hakumfukuza mtu.

Albina na mimi tulikula sahani moja. Ugali wa mtama na kisamvu, mimi nikitanguliza bismillahi yangu na yeye akijigusa paji la uso na kifua kwa desturi ya dini yake. Nilimpenda, niseme wazi, kuliko dada zangu wa tumbo moja. Nilijua kwamba boga hagusi. Nilijua wimbo anaouimba akikamua shuka. Nilijua pia kwamba kuna mchana mwingine anakaa kwenye ngazi, mikono mapajani, anaitazama barabara ya kwenda Nkowe, na ukimsemesha anachelewa kuitika. Anatazama nini, sikumuuliza. Nilijiona muungwana.

Kisha karanga zikashindwa. Kila mtu aliyewahi kulima Nachingwea angeweza kuwaambia tangu mwanzo, lakini hayo ni maneno ya siku nyingine. Mwaka wa hamsini na mbili watu walikuwa wanapunguzwa kila mwezi, na ndipo ikaja amri ya nyumba za wagonjwa. Wafanyakazi waliotoka nje ya nchi warudishwe kwao, kazi zibaki kwa wenyeji. Ila yule aliyeingia kabla ya matingatinga, na mwenyeji mtu mzima akasimama kumshuhudia, huyo atahesabiwa mkaaji na atabaki.

Aliyetutangazia ni Augustino, karani wa kambi, na alitangaza kwa sauti ndogo maana yeye mwenyewe kwao ni Nyasa. Amri ya makarani ilikuwa bado njiani. Sista naye alikuwa amesimama palepale, na pua yake nyekundu ya jua la kwetu, na hakuna aliyemuuliza yeye aliingia lini na nani anamshuhudia. Nilitaka kuuliza mimi. Albina akanikanyaga mguu.

Angeweza kusema yeye ni wa Newala. Wamakonde wamejaa Newala, nani angejua? Lakini Augustino alipomuuliza kwao ni wapi, alijibu ng'ambo ya Ruvuma, kama mtu aliyeulizwa njia ya kisimani. Nilimgombeza sana.

"Ungesema Newala, dada! Ungepungukiwa nini?"

"Newala sina mtu," akasema. Halafu akaninyooshea mkono wa kushoto. Kidole chake kidogo kilikuwa hakikunjiki, nami nilikuwa nimekiona kila siku nikadhani amezaliwa nacho. "Kule wanakupimia shamba la pamba. Usipolijaza unapigwa viganja kwa ubao. Mimi nilipigwa mara moja, kikabaki hiki. Mwanamvua, mikono hii ikirudi kule haitashika mtoto tena."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, yeye akanipa ncha ya shuka nijifute, kisha akakumbuka shuka ni safi akaninyang'anya.

Sista aliomba kumshuhudia. Akaambiwa haiwezekani, kwa kuwa na yeye alikuja baada ya matingatinga. Alirudi ndani akafunga kabati la dawa kwa kishindo.

Mkaguzi wa amri ile alifika kutoka Lindi asubuhi moja, mzungu mwembamba mwenye Kiswahili cha kitabuni, safi na kigumu. Akawekewa meza kibarazani, Augustino pembeni yake. Habari zilikuwa zimefika vijijini, na wanawake walikuja wengi, kila mmoja na mtoto aliyepita mikononi mwa Albina, mgongoni au mkononi. Hata Bibi Biasha alikuja na fimbo yake. Alikuwa amesikia kuna mahali watu wanaulizwa, akaona haifai kukosa. Alikaa nyuma kabisa, kivulini.

Albina akaitwa. Hakuja. Alikuwa ndani na msichana mmoja wa uzazi wa kwanza, na Augustino alipobisha, sauti yake ikatoka: "Mwambie bwana asubiri kidogo. Mtoto hawezi kusubiri."

Bwana akasubiri. Alijaza kiko chake, akakiwasha, kikazimika, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya akaanza na sisi.

"Nani kati yenu anamjua mwanamke huyu tangu kabla ya matingatinga?"

Tukawatazama watoto wetu.

"Wewe mama. Mwanamke huyu alikuja lini?"

Aliyeulizwa alikuwa Ashura wa Mbekenyera, mwenye mapacha. Akasema, "Hatukumuuliza, bwana."

"Alikaa wapi kabla ya hapa?"

"Hatukumuuliza."

"Mume wake ni nani?"

Ashura akamhamisha pacha mmoja begani. "Hilo ndilo kabisa hatukumuuliza."

Akahamia kwa mwingine, na mwingine, na kila mmoja akampa jibu lile lile. Tafadhali usituone wajinga. Kila mwanamke pale alikuwa amewahi kuulizwa na watu waliokaa juu yake. Kuulizwa tulikujua: wanatafuta jina ili wakuangamize nalo. Mtu anayeuliza taratibu, mara tatu tatu, nani, nani, mume ni nani, huyo tulimjua vizuri sana, ila safari hii alikuwa na kiko. Na kila mmoja wetu alikuwa ameapa moyoni kwamba Albina hatatajwa na mdomo wake. Kadiri alivyouliza ndivyo tulivyofunga, hata mimi niliyeisikia amri kwa masikio yangu nikaisahau.

Akafika kwangu. "Wewe unafanya kazi naye. Unajua nini juu yake?"

Nikainua kidevu. "Bwana, hapa hatuulizi," nikasema, na wenzangu wakaguna kwa kuridhika.

Augustino akafumba macho. Alipoyafumbua aliinama upande wangu, akanong'ona kwa hasira: "Mwanamvua! Anatafuta wa kumwokoa! Mtu mmoja tu aseme anamjua tangu zamani! Sema kitu!"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikafungua mdomo. Nikatafuta kichwani chote nilichokijua juu ya Albina, na nilikuta boga, na wimbo wa kukamua shuka, na ngazi ile, na barabara ya Nkowe. Hakuna hata kimoja cha kumpa mzungu. Niliwatazama wenzangu na wao walinitazama mimi, na nikaona inatuingia sote kwa pamoja.

"Basi," mkaguzi akasema, wala hakusema kwa ubaya. "Hakuna anayemjua." Akakung'uta kiko mezani, akasimama.

Ndani mtoto akalia. Mlango ukafunguka, Albina akatoka akijifuta mikono kwa aproni, uso unang'aa kama ulivyong'aa kila anapotoka kuzalisha. "Wa kike," akatuambia. Halafu akaziona nyuso zetu.

"Nimewauliza watu hawa wote," mkaguzi akamwambia. "Hakuna anayekujua."

Albina alitutazama mmoja mmoja, na watoto wake wote migongoni mwetu. Aliikunja aproni yake, akaikunja tena, ikawa ndogo kabisa mkononi.

"Mimi nilimuuliza."

Sauti ilitoka nyuma. Fimbo ikatangulia, watu wakapisha, Bibi Biasha akaja mpaka mezani, na bila kukaribishwa akavuta kiti cha Augustino akakaa.

"Mimi Biasha. Chinongwe. Kila mtu anajua. Huyu kanifukuza mlangoni siku anamzalisha mkwe wangu, nikamuuliza hapahapa kibarazani. Anaitwa Albina. Kavuka na mume wake, Benedikto. Wamelima Nkowe, kwa Saadi. Mume kafa na homa hukohuko Nkowe, mashine bado hazijaja."

Mkaguzi akakaa tena. "Hayo alikuambia yeye mwenyewe, bibi. Huo si ushahidi."

Bibi Biasha alimtazama kwa masikitiko makubwa. "Wewe unafikiri mimi naulizaga mtu mmoja?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Nilikwenda Nkowe kwenye arobaini ya ndugu yangu. Nikamuuliza Saadi. Kasema kweli, kamzika yeye kwa mikono yake, mwaka wa njaa, tingatinga hajaliona hata moja. Nikasema nionyeshe kaburi. Kanionyesha, kando ya shamba la mtama. Kuna msalaba wa mninga, ulikuwa umelala. Nikausimamisha. Mimi Mwislamu, Mungu anajua nia yangu. Na majani yalikuwa mengi, nikayang'oa. Kila mwaka nikienda Nkowe nayang'oa. Mwenye kaburi atayang'oa saa ngapi? Yuko hapa, anazalisha watoto wetu. Saadi siku hizi hatembei, ila kama husadiki, gari unalo, nenda kamuulize. Muulize na mke wake, anajua zaidi."

Mkaguzi alimgeukia Albina. "Ni kweli?"

Albina hakumsikia. Alikuwa anamtazama yule bikizee, na aproni ilikuwa imemdondoka.

"Umesimamisha msalaba?" akauliza.

"Ulikuwa umelala," Bibi Biasha akasema.

Bwana akakiweka kiko chini. Akasema na Augustino maneno mawili matatu, na Augustino, ambaye sikuwahi kumwona akitabasamu tangu amri ile, akasimama akatangaza kwa sauti ambayo hata waliokuwa jikoni waliisikia: mwanamke huyu anabaki. Vigelegele vilivyopigwa vilimwamsha yule mtoto aliyezaliwa muda si mrefu, akaanza kulia upya, na Sista akatoka ndani kutugombeza huku anafuta machozi.

Albina alipiga magoti mbele ya Bibi Biasha, pale pale vumbini. "Mama," akasema. "Miaka yote hii, hukuniambia."

"Hukuniuliza," Bibi Biasha akamjibu.

Ndipo Albina akacheka, na sote tukacheka naye, mpaka Ashura akaomba mtu amshikie pacha. Lakini bibi alikuwa ameushika mkono wa Albina, ule wa kushoto, anakipapasa kile kidole kisichokunjika. Akaongeza, polepole, kwa ajili ya Albina peke yake, ila mimi nilikuwa karibu nikasikia: "Nilikuona huna ndugu hapa. Nikasema, huyu akifa, habari nimpelekee nani? Ndiyo nikauliza."

Alasiri ile, wageni walipokwisha kuondoka, tulikuwa na mashuka ya msichana yule ya kufua. Albina alikuwa amechutama upande wake wa beseni na mimi upande wangu. Povu lilikuwa jingi.

"Dada Albina," nikasema. "Kwenu ni wapi?"

Mikono yake ikasimama majini. Nikaogopa nimeharibu.

"Mimi nilisema tusiwaulize wanaozaa," akasema mwishowe. "Sikusema msiniulize mimi. Nilidhani hamtaki kujua."

Kisha akaniambia. Akaniambia kijiji chao kiko upande gani wa mto, na mlima unaouona ukitoka nje asubuhi, na jinsi Benedikto alivyombeba mgongoni kwenye maji kwa sababu alikuwa anaogopa mamba, na yeye Benedikto anaogopa zaidi. Akaniambia mama yake yu hai, au alikuwa hai walipoagana, na kwamba anapenda ugoro, na kwamba alimwambia akivuka asigeuze shingo. Nikamuuliza mama anaitwa nani. Akalitaja jina, kisha akalirudia, kwa kuwa tangu Benedikto afe hakuwa amelitaja kwa mtu isipokuwa mara moja, kibarazani, na beseni mikononi.

Niliuliza na mengine. Maji yakapoa, povu likaisha, na mashuka tukayafua kesho yake.